Kumpa Jina Kimulimuli: Swali la Maadili katika Tendo la Kutaja

Utangulizi

Kutoa jina ni tendo ambalo aghalabu huonekana kuwa jepesi. Mtoto huzaliwa, jamaa hukusanyika, jina hutajwa, na kila mmoja hurejea kwenye shughuli zake. Hata hivyo, wanafikra walioichunguza lugha kwa makini, tangu Plato hadi wanafalsafa wa karne ya 20, wamekiri kwamba ndani ya tendo hilo mna swali gumu: je, anayetoa jina humpa mtajwa kitu, au humpokonya? Katika Kitabu cha Mwanzo, Adamu huletewa wanyama ili ionekane atawaitaje, na jina analolitamka ndilo linalobaki. Katika Kurani, kwa upande mwingine, Adamu hufundishwa majina yote na Mola wake kabla ya kuyataja mbele ya malaika. Masimulizi haya mawili, ambayo yamesimuliwa kwa muda mrefu sako kwa bako katika Afrika ya Mashariki, yanaweka mbele ya msomaji namna mbili za kulielewa tendo moja. Katika simulizi la kwanza mtaji ni mtoaji. Katika la pili ni mwanafunzi.

Makala haya yanalichunguza swali hilo kupitia mfano ambao ni nadra kufika mezani pa mhakiki wa fasihi, yaani kazi ya mwanasayansi anayefafanua na kutaja spishi mpya ya kimulimuli. Mfano huu umeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, utaratibu wa kutaja wanyama umeandikwa kwa uwazi mno, kiasi kwamba hatua zake zote zaweza kupimwa moja baada ya nyingine. Pili, kimulimuli ni kiumbe ambaye, kabla mwanadamu hajamtaja, tayari hujitaja mwenyewe kwa nuru yake. Hoja inayotetewa ni kwamba jina la haki ni lile lililotanguliwa na usikivu, na kwamba aliyelitoa hubaki mdaiwa wa kile alichokitaja, wala si mmiliki wake.

Jina la Watu na Jina la Wataalamu

Kiswahili kimempa mdudu huyu majina yanayotokana na nuru yake. Kimulimuli ni jina lenye uhusiano wa wazi na kitenzi mulika, nalo kimetameta lina uhusiano na meta na metameta. Jina la kwanza lina sifa ya ziada: shina lake limerudiwa. Muli, kisha muli tena. Urudufu huo waweza kusomwa kama mwigo wa kile ambacho macho hukiona usiku, mwanga unaowaka, ukazimika, ukawaka tena hatua chache mbele. Yamkini ndiyo sababu neno hilo limehamishwa bila shida hadi kwenye taa ziwakazo na kuzimika juu ya magari ya polisi na ya wagonjwa. Jina hili halikushika umbo la mdudu, wala rangi ya mbawa zake, wala pingili za vipapasio vyake. Lilishika mwenendo wa nuru yake.

Yawezekana kupinga kwamba jina la aina hii ni finyu, kwa kuwa linawakusanya wadudu wengi wasiofanana chini ya neno moja. Pingamizi hilo lina ukweli, lakini halithibitishi ujinga wa wasemaji. Mvuvi wa Lamu au wa Vanga hutofautisha changu na tafi, kolekole na nguru, kwa kuwa tofauti zao zina uzito mshipini, sokoni na jikoni. Kimulimuli haliwi, hauzwi, wala haumi. Jina moja limemtosha mtu ambaye haja yake ilikuwa kumwona tu na kustaajabu. Usahihi wa majina hufuata haja ya wenye kuyatumia. Panapokuwa na haja mpya, majina mapya hutakikana.

Haja ya mwanasayansi ni tofauti. Kwake yeye vimulimuli ni mbawakawa wa familia ya Lampyridae, ambamo zaidi ya spishi 2,000 zimekwisha kupewa majina, na wengine bado hawajatajwa. Utaratibu anaoufuata una chimbuko lake katika toleo la 10 la Systema Naturae, kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1758, ambapo kila mnyama alipewa jina la maneno mawili, la jenasi na la spishi. Leo utaratibu huo unaongozwa na Kanuni ya Kimataifa ya majina ya wanyama, ambayo toleo lake la 4 lilichapishwa mwaka 1999 na kuanza kutumika mwanzoni mwa mwaka 2000. Kanuni hiyo inataka jina jipya lichapishwe pamoja na maelezo yanayolitofautisha na majina ya awali. Inataka jina lililotangulia kuchapishwa lipewe haki dhidi ya lililofuata. Zaidi ya hayo, inataka jina lifungamanishwe na kielelezo maalumu, ambacho kwa kawaida ni mwili mmoja uitwao holotaipu, unaohifadhiwa mahali ambapo watafiti wa baadaye wataweza kuuchunguza.

Msomaji wa falsafa ya lugha atatambua hapa sura ya hoja aliyoitoa Saul Kripke katika mihadhara yake ya mwaka 1970 kuhusu majina na ulazima. Kripke alidai kwamba jina halishikamani na kitu kwa sababu ya wasifu tunaokipa, bali kwa sababu ya ubatizo wa kwanza, ambao hupokezanwa kutoka kwa msemaji mmoja hadi kwa mwingine. Wasifu waweza kuwa na makosa na jina likabaki lilipo. Ndivyo ilivyo katika sayansi ya wanyama. Maelezo ya mtaalamu yakionekana baadaye kuwa na kasoro, husahihishwa. Jina hubaki limeshikamana na mwili ule mmoja uliochomwa pini katika sanduku la makumbusho. Tatizo la kimaadili linaanzia hapo hapo. Mwili ule, ambao ni nanga ya jina, umekufa, na kimulimuli aliyekufa hamuliki.

Mwili Ulionyamaza

Ukubwa wa tatizo hili ulidhihirika nchini Marekani, katika utafiti wa vimulimuli wa jenasi ya Photuris. Ili kulielewa ni sharti kwanza kueleza jinsi vimulimuli wengi wanavyowasiliana. Dume hupaa gizani akitoa mimweko kwa mpango maalumu; jike, ambaye aghalabu huwa ametua majanini, humjibu baada ya muda maalumu. Katika spishi iitwayo Photinus pyralis, dume huinuka huku akimulika, na nuru yake huchora angani umbo linalofanana na herufi J. Katika usiku wenye joto la kawaida hurudia tendo hilo takriban kila baada ya sekunde 6, naye jike hujibu baada ya sekunde 2 hivi. Dume halitambui jike lake kwa sura. Hulitambua kwa muda uliopita kati ya swali na jibu. Ukimya uliomo baina ya mimweko una maana sawa na mimweko yenyewe, jambo ambalo mwanafunzi wa mizani na vituo katika ushairi hatashindwa kulielewa.

Sasa wachukuliwe vimulimuli hawa wakaushwe na kupangwa sandukuni. Katika Photuris, wadudu ambao usiku walisema lugha tofauti kabisa hufanana mno mchana, hata mtaalamu aliyebobea hushindwa kuwatenga. Herbert Spencer Barber, mjuzi wa mbawakawa aliyefanya kazi Washington, alitambua kwamba kosa halikuwa katika macho ya wataalamu, bali katika mahali walipokuwa wakitazama. Walikuwa wakiusoma mwili ulionyamaza. Barber alitoka usiku, akawatazama wakiwa hai, akaandika mipango ya mimweko yao, na kwa njia hiyo akatenga spishi ambazo sanduku la makumbusho lilikuwa limezichanganya. Alifariki mwaka 1950 kabla ya kuikamilisha kazi yake. Frank McDermott, aliyekuwa mwanakemia kwa taaluma na mpenzi wa vimulimuli kwa moyo, aliitayarisha, ikachapishwa na taasisi ya Smithsonian mwaka 1951.

Majina yaliyotolewa katika kazi hiyo yanastahili kusomwa kwa jicho la mhakiki. Spishi moja iliitwa Photuris tremulans, kwa kuwa nuru yake hutetema. Nyingine iliitwa Photuris lucicrescens, kwa kuwa nuru yake huanza hafifu na kukua. Katika majina hayo Kilatini cha wataalamu kinakutana na Kiswahili cha kila siku. Barber, baada ya kukaa gizani na kutazama, aliwataja vimulimuli wake kama walivyotajwa na wale ambao hawakuwahi kusikia habari za Linnaeus, yaani kwa mwenendo wa nuru. Tofauti ni kwamba Kiswahili kiliishika nuru kwa ujumla wake, na Barber akaishika kwa lahaja zake.

Hapa pana jambo la kujifunza kuhusu haki. Kabla ya Barber, hakuna aliyewatendea vimulimuli hao uovu wa kukusudia. Waliotangulia walikuwa waangalifu na wakweli. Walipima urefu, wakaandika rangi, wakahesabu pingili. Hata hivyo walikuwa wametoa uamuzi kuhusu kiumbe bila kusikiliza sehemu ya maisha yake ambayo kwake yeye ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi. Dhuluma ya kutaja, basi, haihitaji chuki. Yaweza kuzaliwa na bidii iliyoelekezwa mahali pasipostahili.

Nuru Idanganyayo

Ingekuwa rahisi kukomea hapo, na kuhitimisha kwamba nuru ndiyo ukweli na mwili ni ganda tu. Vimulimuli wenyewe wanakanusha hitimisho hilo. Mwaka 1965, James Lloyd alichapisha katika jarida la Science uchunguzi wake kuhusu majike wa Photuris. Jike huyu humtazama dume wa Photinus akipita, kisha humjibu kwa mpango wa nuru ambao si wa spishi yake, bali ni ule ambao dume huyo anautarajia kutoka kwa jike wake. Dume hushuka, naye huliwa. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba jike mmoja aweza kuwa na majibu ya namna mbalimbali, kila moja kwa windo lake. Dume wa Photinus amekiuka, kwa gharama ya maisha yake, usia wa wahenga kwamba usisafirie nyota ya mwenzio.

Kwa mtaalamu wa kutaja, ugunduzi huu ni onyo. Nuru nayo ni matini, na matini huweza kuwa na hila. Anayetenga spishi kwa kufuata mmweko mmoja aliouona usiku mmoja aweza kumtaja mdudu mmoja mara mbili, mara alipokuwa akitafuta mwenzi na mara alipokuwa akitafuta chakula. Usikivu unaodaiwa na maadili ya kutaja, kwa hivyo, si wepesi wa kuamini. Ni subira ya kurudi tena usiku wa pili na wa tatu, na kuuliza ni nani anayesema, anasema na nani, na kwa haja gani. Mhakiki anayejua kumtofautisha msimulizi na mwandishi anazifahamu hatua hizo.

Kuna onyo la pili, nalo linamhusu mfafanuzi mwenyewe. Lloyd, katika anwani ya makala yake, aliwaita majike hao kwa jina la Kifaransa linalotumika katika fasihi na sinema kwa mwanamke mrembo anayewapeleka wanaume kwenye maangamizi. Jina hilo lilivuma, na hadi leo ndilo wengi wanalolikumbuka. Lakini jina la namna hiyo si la nuru wala la mwili. Limetoka katika hadithi za wanadamu, tena hadithi zilizosimuliwa kwa kawaida na upande mmoja. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 na Thomas Eisner na wenzake ulionyesha kwamba jike wa Photuris hupata kutoka kwa madume anaowala kemikali za kujikinga ziitwazo lusibufajini, ambazo huwafukuza buibui. Kemikali hizo huingia pia katika mayai yake. Kinachoitwa hila ya mrembo mwangamizi, kikitazamwa kutoka upande wa jike, ni mama anayewatafutia wanawe kinga. Hakuna jina kati ya hayo mawili lililo safi kabisa, kwa kuwa yote mawili yanamvisha mdudu nguo za binadamu. Hata hivyo kuyaweka ubavu kwa ubavu kunatosha kuonyesha kwamba sitiari, hata pale inapotumika kwa mzaha ndani ya sayansi, imekwisha kuchagua upande.

Usukani na Nahodha

Ikiwa mwili pekee hautoshi na nuru pekee hudanganya, ni nani basi atakayeamua kwamba jina limetolewa kwa haki? Plato, katika mazungumzo yaitwayo Kratylos, anamfanya Sokrates atoe jibu ambalo bado lina nguvu. Jina, asema, ni chombo cha kazi: hutumika kufundisha na kutenga mambo kwa kadiri yalivyo. Naye anayekihakiki chombo si fundi aliyekitengeneza. Seremala hutengeneza usukani, lakini ni nahodha anayejua kama usukani huo ni mzuri. Kwa mantiki hiyo mtoaji wa jina hana neno la mwisho. Neno la mwisho ni la wale watakaoliendesha jina hilo katika bahari ya matumizi, na la kile ambacho jina hilo litakitenda.

Majina hutenda. Mwaka 1953, McDermott aliitaja spishi moja ya Photuris iliyopatikana katika pwani ya jimbo la Delaware, akaiita Photuris bethaniensis kwa kuifuata Bethany Beach. Mdudu huyo huishi katika mabonde madogo yenye unyevu yaliyo katikati ya vilima vya mchanga, mahali ambapo ujenzi wa nyumba za mapumziko na kupanda kwa kina cha bahari vinapunguza makao yake mwaka hadi mwaka. Mnamo mwaka 2019 serikali ya Marekani iliombwa imlinde kisheria, na mwaka 2024 idara inayohusika na wanyamapori ikapendekeza aorodheshwe kuwa spishi inayotishiwa. Lisingalikuwapo jina la mwaka 1953, pasingalikuwa na kitu cha kuandika katika ombi hilo. Sheria hailindi nuru isiyo na jina. Huu ndio upande wa kutaja unaopuuzwa na wale wanaoliona kila jina kuwa pingu: kuna viumbe ambao kutotajwa kwao ndiko kunakowaangamiza.

Jina hilo hilo laweza pia kuua. Mwaka 1937, mbawakawa kipofu wa mapangoni nchini Slovenia alipewa jina la Anophthalmus hitleri na mtu aliyetaka kumtukuza mtawala wa Ujerumani wa siku hizo. Mbawakawa huyo hakuwa na hatia yoyote, lakini jina alilobebeshwa limemfanya asakwe na wakusanyaji wa kumbukumbu za utawala ule. Kanuni haimruhusu mtu kulifuta jina lililotolewa kihalali kwa sababu tu linachukiza, maana uthabiti wa majina ndio unaoyafanya yafae. Ubaya wa mfano huu unajieleza. Jina lilitolewa kwa ajili ya mtu wa tatu ambaye hakuwa na uhusiano wowote na mtajwa, na deni la mtaji likalipwa na mtajwa.

Afrika ya Mashariki nayo ina mfano wake, ingawa si wa mdudu, unaoonyesha njia nyingine. Katika Nyanda za Juu za Kusini za Tanzania, watafiti walisikia kutoka kwa wenyeji habari za nyani wa milimani aitwaye kipunji. Mwaka 2005 nyani huyo alitangazwa rasmi kwa jina la Lophocebus kipunji. Mambo mawili yalitukia katika tangazo hilo. Kwanza, neno la wenyeji halikuachwa mlangoni. Liliingia katika jina la kisayansi lenyewe. Pili, kwa kuwa wanyama hao walikuwa wachache mno, haikuonekana kuwa haki kumwua mmoja ili awe kielelezo, na jina likajengwa juu ya dume aliye hai aliyepigwa picha. Baadaye kipunji mchanga alikutwa amekufa katika mtego shambani, na uchunguzi wa mwili wake ukawawezesha wataalamu, mwaka 2006, kumhamishia katika jenasi mpya ya Rungwecebus. Mkondo huu wa matukio haumpi ushindi mtu wa upande mmoja. Picha ilitosha kumtambulisha kipunji, lakini mwili ulihitajika ili ukoo wake ujulikane. Jambo lililobadilika ni utaratibu wa kutanguliza: kusikia kulitangulia, heshima ya uhai ikafuata, na mwili ukapokelewa ulipopatikana.

Yawezekana kusemwa kwamba hisia hizi zinamfaa nyani, na kwamba kimulimuli mmoja aliyetiwa katika chupa si hasara kwa yeyote. Kwa hesabu ya idadi, pingamizi hilo ni sahihi. Lakini suala la maadili hapa si idadi ya waliokufa. Ni kama kifo hicho kimenunua maarifa au kimenunua kitu cha kupanga sandukuni. Kielelezo kilichokusanywa pamoja na maelezo ya nuru yake, mahali pake, saa yake na hali ya hewa ya usiku ule, kimetoa ushahidi. Kilichokusanywa bila hayo kimenyamazishwa mara mbili.

Mhakiki na Mtoaji wa Jina

Mhakiki wa fasihi hana haki ya kumtazama mwanasayansi kwa mbali kana kwamba suala hili halimgusi. Naye pia hufafanua na kutaja. Mfano ulio karibu zaidi ni mgogoro wa ushairi wa Kiswahili uliopamba moto tangu miaka ya 1970. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, wahakiki walikabiliwa na kiumbe ambacho hakikufanana na vielelezo vilivyokuwa sandukuni. Baadhi ya wanamapokeo walikagua vina na mizani, wasivione, wakakataa kwamba hayo yalikuwa mashairi. Wenye kuyatetea waliyaita mashairi huru.

Kwa mtazamo wa kwanza kambi hizo mbili zinapingana kabisa. Lakini yakipimwa kwa mizani ya Barber, majina yao yana asili moja. Anayesema kwamba tungo fulani ni guni anataja kitu kilichokosekana. Anayesema kwamba ni huru anataja kitu kilichoachwa. Wote wawili wanaitaja tungo mpya kwa kuilinganisha na mwili wa zamani, mmoja kwa kulaumu na mwingine kwa kusifu. Hakuna jina kati ya hayo linaloeleza tungo hiyo inasema kwa mdundo gani, inanyamaza wapi, na ukimya wake unamngoja nani. Huo ni uainishaji wa mchana. Maswali ya usiku, yanayodai msomaji akae na tungo hadi atambue mpango wake wa kuwaka na kuzimika, yalichelewa kuulizwa, na kuchelewa huko kuliufanya mgogoro uwe mrefu kuliko ulivyostahili.

Kadhalika onyo la jike wa Photuris linamhusu mhakiki. Tungo huweza kumjibu kwa nuru anayoitarajia. Anayekuja na nadharia moja akiiangaza katika kila kitabu ataona kitabu kikimwitikia, naye atashuka kwa furaha, asijue kwamba alichokiona ni mwangwi wa taa yake mwenyewe. Dawa yake si kuacha nadharia, maana bila taa hakuna anayetembea usiku. Dawa ni kuizima mara kwa mara na kutazama ni nini kinachoendelea kumulika chenyewe.

Hitimisho

Swali lililoulizwa mwanzoni lilikuwa kama mtoaji wa jina humpa mtajwa au humpokonya. Mifano iliyochunguzwa inaonyesha kwamba hutenda yote mawili, wala hawezi kuyakwepa. Humpokonya mtajwa ukimya wake, na mara nyingine uhai wa mmoja wao. Humpa nafasi ya kutambuliwa, kutetewa na kukumbukwa. Uzito wa kimaadili wa tendo hilo hautegemei uzuri wa jina kwa masikio. Unategemea kilichotangulia jina, yaani usikivu, na kinachofuata, yaani utunzaji. Aliyetaja bila kusikiliza amekisia. Aliyetaja na kwenda zake ameacha deni ambalo wengine watalilipa, na aghalabu mlipaji wa kwanza ni mtajwa.

Kwa mwanga huu masimulizi mawili ya Adamu hayalazimiki kupingana. Adamu wa Mwanzo anakumbusha kwamba pasipo mtu wa kutamka, jina halipo. Adamu wa Kurani anakumbusha kwamba pasipo kufundishwa, mtamkaji hana cha kutamka. Mtaalamu wa vimulimuli anayeketi majanini usiku, akihesabu sekunde baina ya mmweko na mmweko, yuko kati ya wawili hao: anafundishwa na mdudu jina ambalo kesho atalitoa kwa mamlaka ya Kanuni.

Wahenga walisema kwamba jina jema hung'ara gizani. Methali hiyo hutumika kwa sifa ya mtu, lakini inafaa pia kuwa kipimo cha kazi ya kutaja. Chini ya kila kielelezo katika sanduku la makumbusho huwekwa kikaratasi chenye mahali, tarehe na jina la mkusanyaji. Kwa kimulimuli, kikaratasi hicho hakijakamilika hadi pale kitakapoongezwa mstari mmoja unaoeleza jinsi alivyokuwa akimulika alipokuwa hai.